Gari Halina Pua

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Asubuhi nzuri imeharibiwa na doa. Doa jeusi la mviringo, chini ya Mutongoi, juu ya kabro mpya za mke wangu Ndunge, yale matofali ya kutandika uani. Mutongoi ni pikapu yangu. Kwa Kikamba ni kusema kiongozi, na haijawahi kunitia aibu, ukiondoa zile mara ilizonitia.

Nikainama. Oili! Inatoka nyuma, pale katikati ya ekseli, kwenye lile bonge la chuma linalozungusha magurudumu. Mafundi wanaliita difu. Inadondoka pole pole, kwa dharau.

Haiwezekani. Jumamosi niliiosha mimi mwenyewe, juu na chini. Hata nikagundua kosa ambalo waliotengeneza gari hili hawakuliona. Juu ya ekseli kuna kifuniko kidogo chenye tundu. Tundu wazi! Na hili vumbi la Kitengela! Nikaliziba kwa chingamu iliyotafunwa vizuri, na juu yake nikadondosha nta ya mshumaa. Watu waangalifu kama mimi wamebaki wachache.

Basi ni sili imezeeka tu. Sili ni ile pete ya mpira inayozuia oili pale shafti inapoingia kwenye difu. Kitu kidogo. Lakini imechagua wiki mbaya.

Jumamosi hii tunapeleka mtamba Kajiado, kwa mzee Saning'o, tumalize mambo ya mahari ya kijana wangu Mwololo na binti yake Priscilla. Mtamba ameshanunuliwa, ako nyuma ya nyumba anakula maua ya jirani. Wazee wa Saning'o wanatoka Bissil kuja kumpokea. Mzee amesema wazi: mnyama afike kabla ya saa sita, amesimama kwa miguu yake, la sivyo wazee wanaondoka na kikao kingine ni baada ya mvua. Mvua gani, ya lini? Mwololo amekonda kwa kungoja mpaka mshipi umetobolewa matundu mapya.

Lakini kuna jambo lingine, na hilo naliandika hapa tu. Wamaasai wakipeana mnyama, huitana kwa mnyama yule maisha yao yote. Ukimpa mzee ng'ombe, anakuita Pakiteng na wewe unamwita Pakiteng. Kondoo, Paker. Mbuzi, Pakine. Sasa Mbuvi, ndugu wa mke wangu, mtu wa lori, mtu wa kujionyesha, alimpa mzee Saning'o fahali mwaka ule wa ukame. Tangu hapo wakionana ni Pakiteng! Pakiteng! wameshikana mikono hawaachiliani. Mimi nimesimama kando. Naitwa Baba Mwololo.

Jumamosi nitakuwa Pakiteng. Nitamshusha mtamba kutoka kwa gari langu, na kamba nitamkabidhi mzee kwa mkono wangu mwenyewe.

Mbuvi amepiga simu ati shemeji, lori liko, ng'ombe apande huko bure. Nimemwambia ashukuriwe sana, Mutongoi iko sawa. Nikaweka sufuria ya Ndunge chini ya difu.


Jumanne, 5 Agosti

Ndunge ameiona sufuria. Ilikuwa ile ya ugali wa wageni. Aliyosema siyaandiki.

Nimeenda gereji ya Leshan, nyuma ya soko la mitumba. Leshan ni mtu wa Matasia, anaongea na magari kuliko anavyoongea na wenye magari. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki, akafungua shafti. Halafu, kabla ya kufungua ile nati kubwa ya difu, akaipaka alama ya rangi nyeupe. Nikamwuliza kama tuko kwa harusi. Akasema hiyo nati lazima irudi palepale ilipokuwa, ukiikaza kupita kiasi unaua beringi za ndani. Nikamwambia mimi najua nati, nati ni ya kukazwa. Akarudi kuongea na nati.

Akang'oa sili ya zamani. Akapaka ile mpya oili ukingoni, akaigonga kidogo kidogo na kipande cha paipu kinacholingana nayo, akizunguka pande zote isiingie upande. Akafunga, akajaza oili mpaka ikachungulia kwenye tundu la kujazia. Kavu! Kavu kama Kajiado yenyewe.

Nikapita na Mutongoi mbele ya nyumba ya Mbuvi. Hakuwa nje. Nikaenda mpaka Isinya, nikarudi, nikapita tena. Bado hakuwa nje. Nikapiga honi. Akatoka mke wake akaniuliza kama kuna mgonjwa.

Nimefika nyumbani, nimezima gari, nimechungulia. Doa. Kubwa kuliko la jana.


Jumatano, 6 Agosti

Nimemwambia Leshan peupe, mbele ya gereji nzima, kwamba sili yake ni feki. Hakugombana. Akaweka nyingine. Hiyo ndiyo iliniuma, mtu umemjia na hasira yako kamili na yeye anachukua spana.

Akiwa huko chini akaniuliza: mzee, hii difu inapumua?

Akaeleza kwamba difu ikipata moto, hewa ya ndani inapanuka na inatafuta njia. Njia yake ni kitundu kidogo juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, hewa inasukuma oili nje kwenye sili, na hapo hata uweke sili ya dhahabu itavuja. Akauliza kama nimekiona hicho kitundu.

Sasa ningesema nini mbele ya vijana wote wale? Ati chingamu? Nikasema kitundu nilikiangalia Jumamosi kwa macho yangu na kilikuwa safi kabisa. Si uongo! Kilikuwa safi, ndio nikakiziba. Leshan akataka kuingia aangalie mwenyewe. Nikamwambia niko na haraka, na zaidi ya hayo gari halina pua. Watu wakacheka sana. Nilijisikia vizuri njia nzima mpaka nyumbani.

Doa.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimeelewa kila kitu. Leshan anakunywa chai na Mbuvi. Nimewaona leo kwa macho yangu mawili, kibanda kimoja, chapati moja wamekata katikati. Sasa nimejua kwa nini sili hazishiki.

Basi nitafanya mwenyewe. Fundi ni nani? Ni mtu aliye na spana. Mimi niko na spana.

Ndunge alikuwa ameenda mazoezi ya kwaya. Nikanunua sili. Nikafungua shafti. Ile nati kubwa nikaifungua bila kupaka rangi yoyote, mimi si mchoraji. Oili yote ikamwagika, kwa sababu nilikuwa nimekatazwa sufuria. Hilo ni la Ndunge, si langu. Kabro sasa zina rangi moja, angalau hakuna doa linaloonekana.

Paipu ya kugongea sili sikuwa nayo. Nikachukua mwiko. Mwiko wa mti mgumu, ule wa kusonga ugali wa mikutano. Nikagonga upande wa kushoto, sili ikatoka kulia. Nikagonga kulia, ikatoka kushoto. Nikapiga moja la nguvu katikati, na hapo ikaingia yote mara moja, na mwiko ukavunjika. Kazi safi. Nati nikaikaza mpaka macho yakanitoka, halafu nikasimama juu ya spana na kurukaruka.

Kumbe oili ya kujaza sina. Duka la spea liko mkabala na pale Mbuvi anapoegesha lori, na siwezi kupita na galoni mkononi aanze kuuliza. Nikazunguka jikoni nikifikiri. Hapo nikaona kijerikeni cha mafuta ya kondoo. Mama Priscilla, Eunice, alimletea Ndunge kwa ajili ya kifua, kijiko kimoja kwa uji. Kimejaa mpaka shingoni.

Oili ni mafuta. Mafuta ya kondoo ni mafuta. Tena ni mazito, hayawezi kupita kwenye sili hata yakitaka. Nikayapasha moto, nikamimina yote kwenye difu, nikafunga. Nimechungulia kabla ya kuandika. Hakuna hata tone!

Leshan na gereji yake waje wachukue masomo hapa.


Ijumaa, 8 Agosti

Baridi ya Agosti, wueh! Nimewasha Mutongoi, nimeingiza gia, ikakataa kwenda. Mafuta yamegandia huko ndani. Niliposukuma kidogo ikaenda, lakini kwa sauti. Inalia kama fisi aliyefiwa. Ndunge akatoka na kanga kuuliza ni nini. Nikamwambia ni sili mpya inazoea.

Halafu mbwa. Kwanza alikuja mmoja, wa yule jirani wa maua. Akalala chini ya difu. Nikamfukuza, akarudi na wenzake. Kufikia mchana mbwa wa mtaa wote walikuwa chini ya Mutongoi, wametulia, wanatazama juu.

Ndunge anatafuta kijerikeni. Nimesema labda ni paka. Akaniuliza ni paka gani anayefungua kifuniko, akamwaga, akakiosha kijerikeni na akakirudisha kwa rafu. Halafu akauliza mwiko uko wapi. Nikaenda kumwangalia mtamba.

Mwololo amekuja jioni. Alisimama vizuri, akashika kofia mkononi, akasema kwa heshima yote, baba, na tukimwomba mjomba lori? Kwa hii siku moja tu? Nikamwambia ng'ombe wa mtu hupanda gari la mtu. Akatazama chini. Akasema tu ati Priscilla ameshashona nguo. Jamani, nilimhurumia mtoto wangu. Karibu nimwambie yote, chingamu, kondoo na mwiko. Lakini nikawaza Mbuvi ameshika kamba, na Pakiteng! Pakiteng! Maneno yakarudi chini yenyewe.


Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa na aibu, lakini aibu yangu ni ndogo kuliko hasira, na hasira iko na sababu.

Tuliondoka mapema. Mimi mbele na Mutongoi, mtamba nyuma amefungwa vizuri na nyasi za kutosha. Mbuvi alifuata na lori, kina mama wakiimba, sukari, blanketi, soda. Mbwa walitusindikiza mpaka mwisho wa mtaa.

Mwanzoni ilikuwa raha. Jua likatoka, difu ikapata joto, mafuta yakalainika, kilio kikapungua. Nikafungua dirisha nikaweka kiwiko nje. Nikajaribu kusema Pakiteng kwa sauti nzito. Inanifaa.

Karibu na Isinya nikasikia harufu ya nyama choma. Nikasema Isinya wamejipanga leo. Tukapita Isinya na harufu ikapita nasi. Watu kando ya barabara walinyoosha shingo. Nikaangalia kioo: kando ya Mutongoi mbwa, nyuma yao mbwa, na nyuma ya mbwa lori la Mbuvi likipiga honi.

Halafu ikapiga yowe. Si kilio sasa, ni yowe. Kitu kikavunjika huko chini, kwa! Magurudumu ya nyuma yakakataa kabisa, na Mutongoi ikasimama katikati ya uwanda, barabara mbele, barabara nyuma. Mafuta ya kondoo yalikuwa yametapakaa chini yote yakitoa moshi. Sili yangu niliikuta imening'inia. Mtamba alinitazama, na sikupenda alivyonitazama.

Mbuvi akateremka. Hakucheka. Angecheka ningekuwa na la kusema. Akarudisha lori nyuma mpaka kwenye tuta la mchanga nyuma ya Mutongoi, akaweka ubao, mtamba akavuka kutoka kwa Mutongoi mpaka kwa lori bila hata kuvutwa. Msaliti. Mwololo alikuwa anaangalia saa. Akaniita, baba, panda twende. Nikasema siachi gari langu na mbwa. Wakaenda.

Nikaingia chini kufuta, nisionekane nimeshindwa. Nilipotoka, koti la sherehe lilikuwa limekunywa mafuta kuliko difu. Nikapata bodaboda. Yule kijana akanusa, akaniomba nikae mbali kidogo. Mbali wapi, juu ya pikipiki? Mbwa walitufuata hadi wakachoka, na walipochoka wengine walikuwa wanangoja mbele.

Nilipofika kwa mzee Saning'o yote yalikuwa yamekwisha. Mtamba amesimama bomani kwa miguu yake. Alifika kabla ya saa sita. Wazee wa Bissil walikuwa wanangoja na hawakuwa tayari kuongeza hata dakika, kwa hivyo Mbuvi alishika kamba akamkabidhi mzee. Wananiambia alisema mbele ya wote kwamba huyu ni wa Munguti, yaani mimi, yeye ni mchukuzi tu. Alisema hivyo kweli. Mwololo alikuwa ameketi karibu na Priscilla na uso wake umejaa furaha. Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli. Naandika hilo haraka kabla sijakasirika tena.

Nikaingia, na nyuma yangu mbwa. Mbwa wa boma wakaja kuwapokea wenzao. Nikasalimu kwa Kimaasai, Supa! Hakuna aliyeitikia Ipa. Watu walikuwa wananusa. Mama Eunice akasimama, akanizunguka, akauliza kwa upole ni nani amejifungua. Kwao, kumbe, mafuta ya kondoo ndiyo anayopewa mwanamke aliyetoka kuzaa, apate nguvu. Kina mama wakaitana. Mmoja akaniuliza ni mvulana au msichana. Mwingine akaniletea kiti chenye mto.

Ndunge aliangalia koti langu. Halafu akaangalia kiganja changu. Hapo akajua kijerikeni kilikwenda wapi, na nikajua leo nalala kwa Mutongoi, kama bado ina viti.

Nikamfuata mzee Saning'o kabla mambo hayajazidi. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimengoja mkono ule mwaka mzima. Akaushika, ukateleza, akaushika tena, akatazama kiganja chake kinang'aa. Akacheka mpaka machozi, mzee yule mzito ambaye hacheki na mtu. Akawageukia wazee, akasema kwamba mtamba amempokea kwa mkono wa Mbuvi, na Mbuvi alikuwa Pakiteng tangu zamani. Lakini kwa mkono wa Munguti amepokea nini? Akainua kiganja wote waone. Amepokea kondoo! Kwa hivyo kuanzia leo, Paker!

Paker! wakaitikia wazee wa Bissil. Paker! wakasema kina mama. Mama Eunice akaongeza ati tena ni kondoo wake mwenyewe, amemrudia. Mbuvi alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.


Jumapili, 10 Agosti

Kanisani leo watoto wawili wameniita Paker. Wakamba kabisa! Habari imefikaje Kitengela kabla ya mimi?

Mchana tumeenda na Leshan kuichukua Mutongoi. Mbuvi alikuja na lori kuivuta, hakuombwa. Leshan akaingia chini. Mafuta yalikuwa yameganda usiku yakaziba nafasi ya sili, na jua lilikuwa limeanza kuipasha difu moto. Akauliza ni nani alikaza hii nati. Nikasema ni upepo wa barabarani. Halafu akapandisha mkono mpaka juu ya ekseli, akagusa kile kifuniko, akaanza kukwangua nta.

Paa! Kizibo kikaruka kikampiga paji la uso. Ndani ya difu kukatoka pumzi ndefu, ffffff, na harufu ya kondoo. Leshan akakiokota kile kizibo akakiangalia kwenye jua. Akaeleza tena, pole pole, ili hata mtoto aelewe: hii ndiyo pua, mtu ameziba pua, hewa imesukuma sili zote nje. Sili zake hazikuwa na makosa, akasema. Nikasema watoto wa siku hizi hawana adabu, wanacheza na magari ya watu.

Akasema huyu mtoto ameacha alama ya meno kwenye chingamu, na katikati kuna pengo la jino moja la mbele.

Mbuvi akageuka kuangalia twiga ambaye hakuwepo. Mimi njia yote ya kurudi niliongea nikiwa nimefunga mdomo.

Tukiagana, Mbuvi akasema Jumamosi ijayo lori lake ndilo litakalomleta mzee Saning'o na wazee wote hapa kwangu, kuja kutuona. Bure tena. Halafu akasema shemeji, usihuzunike, Paker ni jina zuri. Wema wa mtu huyu unaniua. Lazima nimlipe kwa jambo.


Jumatatu, 11 Agosti

Nimetuliza akili na nimelipata kosa. Ni chingamu! Laini mno. Joto kidogo tu na inalegea, inaruka, inampiga mtu. Kizibo cha mtu mzima si cha kutafunwa.

Asubuhi Mbuvi alikuja kunywa chai na Ndunge, lori akaliacha langoni. Nikaingia chini kidogo, kuangalia tu. Maskini Mbuvi! Tundu lake ni kubwa kuliko langu, na liko wazi kabisa, linameza vumbi la Kajiado nzima. Na mtu huyu anataka kubeba wakwe zangu. Nikachonga kijiti cha mti mgumu kutoka kwa ule mwiko uliovunjika, nikakipigilia mpaka kikazama, nikafunika na gundi ya chuma. Hiyo haitoki hata uitishie polisi. Sikumwambia. Tenda wema nenda zako.

Mzee Saning'o atafika hapa Jumamosi kwa lori lisilo na chembe ya vumbi ndani, na siku moja, wakati ufaao, nitamweleza ni kazi ya nani. Hapo tutaona kama bado ni Paker.

Jioni hii Mbuvi amepiga simu. Ametoka kupeleka mchanga Kajiado, amerudi, na chini ya lori ameona doa jeusi. Ameuliza kama amwite Leshan.

Nimemwambia asihangaike na mafundi. Leo Ndunge amenunua mwiko mpya. Nakuja nao.